Fundi na Kamati ya Uchovu

Mtaa mzima ulimwita Fundi, na aliyeshonewa naye mara moja hakumtaka fundi mwingine. Kabla ya ugonjwa alikanyaga cherehani tangu asubuhi hadi jioni, huku akiwatania wateja kwamba miili yao inanenepa makusudi ili wamrudie. Kisha ikamjia homa. Homa ikaondoka, uchovu ukabaki, na si ule wa kulala ukaamka umekwisha. Akifua nguo mbili leo, kesho hawezi kuinua kikombe.

Hospitali ilimwandikia mazoezi, na kila wiki ayaongeze. Fundi si mtu wa kushindwa na kazi. Aliyaongeza kama alivyoambiwa, mpaka siku miguu ilipokataa kumfikisha chooni. Alipoacha, wakaandika kwamba amekataa matibabu. Hilo lilimkera kuliko ugonjwa wenyewe, na nani angemlaumu?

Kwa hiyo aliposikia kuna kamati inayoandika upya mwongozo wa kutibu uchovu sugu, na kwamba inatafuta mgonjwa wa kumsikiliza, alijitokeza haraka. Alitaka jambo moja tu: mazoezi ya lazima yaondolewe, asije mwingine akavunjwa kama yeye.

Hapo ndipo alipojipalia makaa. Wiki nzima kabla ya mkutano alilala, hakugusa hata sindano, ili nguvu zake haba zimtoshe. Asubuhi yenyewe mdogo wake alimsuka, akampigia pasi gauni aliloshona enzi za uzima, akampaka wanja. Ndivyo walivyolelewa: mtu haendi mbele za watu kama kitanda kisichotandikwa.

Aliongea, tena aliongea vizuri, amesimama wima mwanzo hadi mwisho. Alipomaliza, mwenyekiti alivua miwani.

"Mama, hongera sana. Lakini usinielewe vibaya, mbona unaonekana mzima kuliko sisi?"

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Daktari aliyeongoza utafiti wa mazoezi, mwanamume mpole mwenye tai iliyopinda, akasema kuwa waliofika mwisho wa utafiti wake walipata nafuu, na pengine hata Fundi mazoezi yalimsaidia bila yeye kujua. Hasira ilimpanda Fundi. Alivyopendeza ndivyo alivyojiharibia.

"Mnaniona siku niliyoweza kuja," akasema. "Keshokutwa sitaweza hata kukaa. Njooni nyumbani mnione, ndipo mpige kura."

"Ratiba haituruhusu, mama."

"Basi aje mmoja wenu. Mnaamua habari za mwili wangu, kuutazama mara mbili ndiyo iwe kazi?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Daktari akasema atakwenda yeye, na akaomba kura isubiri mpaka arudi. Mwenyekiti alikubali kwa shingo upande.

Keshokutwa ilimkuta Fundi chali kwenye chumba chenye giza, blanketi limetundikwa dirishani kwa kuwa mwanga ulimchoma macho. Nywele zilikuwa zimesimama kila unywele na njia yake, na shuka lilinuka jasho. Mdogo wake aliingia na kitana na gauni safi.

"Dada, yuko mlangoni. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini kwa sura hii mgeni atatoka mbio. Nikuchane kidogo tu."

Fundi alitamani sana achanwe. Aibu ilimwaka usoni. Yeye aliyewavalisha maharusi wa mtaa mzima, aonekane hivi na mwanamume asiyemjua! Akakisukuma kitana kwa kidole.

"Acha," akanong'ona. "Aingie."

Daktari alisalimia kwa sauti yake ya mkutanoni, akamwona Fundi akikunja uso kwa maumivu, akaishusha. Akaketi kwenye kigoda. Alitazama mdogo mtu akimnywesha dada yake supu kwa kijiko, na jinsi kumeza tu kulivyomchosha mgonjwa hata akalazimika kupumzika kabla ya kijiko kingine. Bakuli lilirudishwa jikoni likiwa karibu kujaa.

"Kwenye utafiti wangu," daktari akasema mwishowe, "walioacha njiani niliwatoa kwenye hesabu. Nilidhani hawana bidii."

Mdogo mtu alifungua mdomo amjibu, na jibu lenyewe lisingekuwa la heshima, lakini Fundi alikuwa amefumbua macho. Akakusanya pumzi kama mtu anayejiandaa kuinua ndoo iliyojaa.

"Hao walioacha, wanakoishi unakujua?"

"Ninakujua."

"Usiwaite ofisini," akasema Fundi. "Wafuate walipolala."