Wimbo wa Nyongeza

Albamu ya kwanza ya mdogo wangu iligharimu magunia kumi na manne ya mahindi, kuku wawili walioishia tumboni mwa mpiga gitaa, na miezi miwili ya mimi kununiwa. Nimehesabu mara mbili. Miezi ya kununiwa nimeihesabu mara tatu.

Mimi huuza mahindi Kitale. Mdogo wangu, kitindamimba wetu, alikuwa akifundisha chekechea karibu na kwetu Bumula. Siku moja alifunga safari mpaka kwenye stoo yangu, akaniambia ameacha kazi, anataka kutoa albamu. Nikamuuliza watoto wa chekechea wamemfanya nini. Hakucheka. Alikuwa na nyimbo nane kwenye daftari, na alilishika vile mtu hushika hati ya shamba.

Studio za mjini zilitaka pesa ambazo ninazo, lakini si za kuimbia. Tukapata prodyuza, kijana wa Webuye mwenye kompyuta ya kubeba, maiki moja na njaa ya kutosha. Akaingia kwenye stoo, magunia yamepangwa pande zote mpaka karibu na mabati, akapiga makofi. Sauti ikafia palepale.

"Mathe, hapa ni studio tayari," akasema, akiniita mama kwa Sheng yao. "Mahindi inameza mwangwi yote. Gunia mbili kwa kila wimbo."

"Nyimbo ni nane. Kumi na sita ni nyingi, bana. Nalipia saba. Wa nane ni wa nyongeza."

Akanitazama. "Mathe, wimbo si nyanya."

"Hata muuza nyanya hukataa kwanza."

Akakubali.

Saba zilirekodiwa kwa wiki tatu, saa za mchana kabla mvua haijaanza kupiga mabati. Mimi nilikaa mlangoni kufukuza kuku na wateja wenye sauti kubwa. Halafu bei ikapanda. Mwenye mahindi anaijua hiyo siku: umeingoja tangu Desemba, na ikifika huulizi mtu. Lori lilikuja Alhamisi, likabeba yote. Ijumaa mdogo wangu akafungua mlango aimbe wimbo wa nane, akakuta sakafu na panya mmoja.

"Dada, umeuza studio yangu?"

"Nimeuza mahindi yangu."

Prodyuza akapiga makofi. Makofi yakarudi, yakarudi tena. "Hapa sasa ni kanisa," akasema. Na Jumatatu alikuwa anakwenda kurekodi kwaya kwingine, kwa hiyo hakukuwa na kungoja mavuno.

"Si ni wa nyongeza tu," nikamwambia mdogo wangu. "Imba."

Hapo ndipo ile miezi miwili ilipoanzia.

Aliimba mara moja tu, na hasira yake. Wimbo unamhusu Mama: jinsi alivyokuwa akisimama nyuma ya jikoni jua likizama, akituita mmoja mmoja turudi kutoka mtoni. Kwenye kiitikio mdogo wangu anaita kama Mama, na ile stoo tupu ikamjibu, kwa mbali kidogo, kama mtoto aliye ng'ambo ya shamba la miwa. Nilikuwa mlangoni. Nilisahau kufukuza kuku.

Zile saba zilikwenda kama zilivyokwenda. Shangazi zetu walinunua flashi zenye nyimbo hizo, na sikuwapunguzia. Ule wa nane ndio uliokataa kutulia. Nimeusikia kwa fundi wa cherehani Bungoma. Nimeusikia kwenye simu ya mtu wa boda ikiita. Harusini Mabanga ulipigwa bibi harusi akitolewa nyumbani. Mama yake akauliza ni nani amewasha hiyo kitu, kisha akalia mpaka keki ikangoja. Watu humuuliza prodyuza alitumia mashini gani. Yeye hujibu kwamba hiyo ni siri ya kazi. Siri ya kazi ni lori.

Mdogo wangu alinisamehe siku ambayo mama mmoja asiyemjua alimshika mkono sokoni Bungoma, akamwambia, "Kumbe ni wewe huwa unaitanga!" Jioni hiyo alinipigia simu, tukaongea dakika kumi na mbili, kwa salio lake mwenyewe.

Sasa anataka albamu ya pili. Wiki jana alikuja na soda na mkate, nikajua jambo lenyewe ni ghali.

"Dada, nahitaji stoo. Ikiwa tupu."

Huu ni mwezi wa Januari. Stoo ina magunia tisini, na bei ni ya kutupa. Nikamwambia angoje mwezi wa tano.

"Mama amekubali kuja kuita mwenyewe," akasema.

Mama haipendi baridi ya Kitale, na hajawahi kukubali jambo moja mara mbili. Tena tangu mwaka jana sauti yake hukatika hata akiita kuku. Mwezi wa tano ni mbali.

Kuuza sasa ni kuumia. Kuhamishia kwa jirani ni magunia tisini kutoka na tisini kurudi, na jirani mwenyewe ameshaanza kutaja kodi.

"Na mimi napata nini?" nikamuuliza.

"Wimbo mmoja wa nyongeza."

Mimi ndiye niliyemfundisha. Sina wa kumlaumu.

Basi wewe unayesoma, hasa kama umewahi kuweka mahindi ukingoja bei: niuze, nihamishe, au nimwambie Mama angoje? Nijibu upesi. Ameshaanza kuulizia sweta.