Jina Ambalo Feza Hakulitaja

Harufu ya shamba linalochomwa hunifanya nifunge madirisha mpaka leo. Kwetu, upande wa Lusangi, kabla mvua hazijarudi kila ukoo hukata msitu wake, huacha miti ikauke, kisha huwasha moto ili kupanda mpunga juu ya majivu. Wiki mbili tatu jua huwa jekundu mchana kweupe, masizi hudondoka ndani ya sufuria za sombe, yaani kisamvu, na watu hukohoa huku wakicheka, maana moshi huo ni ahadi ya chakula. Mimi pia niliupenda, mpaka mwaka nilipotimiza miaka kumi na minne. Mwaka huo rafiki yangu Feza alishikwa na uchungu wa kuzaa katikati ya moshi ule, nami nilikuwa nimemwomba anyamaze.

Feza alinizidi mwaka mmoja. Mama yake alikuwa amekufa, naye aliishi na bibi yake nyuma ya jiko letu. Tulitwanga mpunga katika kinu kimoja, michi miwili, wake ukipanda wangu ukishuka. Ukikosea mpigo unavunjwa vidole, na sisi hatukukosea hata mara moja. Baba yangu alikuwa mwalimu wetu wa darasa la sita, mtu wa shati jeupe ambaye hata wazee walimwamkia kwanza. Kama ilivyokuwa desturi, wanafunzi walilima shamba la mwalimu, na mpunga ulipoanza kuinamisha vichwa, wasichana tulipeana zamu za kuamia ndege. Ulikaa juu ya kibanda na mawe na kopo bovu, ukapiga kelele mpaka jioni. Baba alipenda kusahihisha madaftari hukohuko, kwenye upepo. Siku ya zamu yangu nilitaka kwenda mtoni kuoga na kupiga soga, basi nikamwambia Feza, “Uniendee, kesho nitakutwangia.” Akaenda. Nilimtuma tena, na tena. Mara ya nne alisema hataki, nikamcheka kwamba amekuwa mvivu kama kondoo wa misheni. Akaenda akiwa ananitazama kwa namna ambayo sikujishughulisha kuielewa.

Nilikuja kuelewa kinuni. Mchi wake ulichelewa, wangu ukamponda kidole, na badala ya kulia kidole alilia mambo mengine yote. Aliniambia nani, na wapi, na kwamba alikuwa ameambiwa akisema atafukuzwa shule. Sikumkumbatia. Jambo la kwanza nililofanya, na nalisema bila kulipamba, ni kugeuka kutazama kama mama yangu yuko karibu. Kisha nikamwambia: “Feza, usilitaje hilo jina. Mama atakufa. Sisi wote tutatoka mu hii nyumba, na mimi masomo itaisha.” Alipangusa pua kwa kitenge chake. “Nani alisema nitataja?” akajibu, akaokota mchi.

Tumbo halina adabu, lilijitokeza. Baba mwenyewe ndiye aliyemsimamisha mbele ya darasa na kumwamuru akusanye madaftari yake, kwa kuwa shule haikuwa mahali pa wasichana wa namna ile. Akamaliza kwa methali, kama kawaida yake: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Alimwambia hivyo mtoto aliyemzika mama. Darasa zima lilicheka, nami nilicheka pamoja nao, kwa sauti, ili nisionekane. Tangu siku hiyo wasichana walikatazwa kuteka naye maji. Nilimwendea kwa kificho, nikimpelekea ndizi na habari za shule, nikijiona mwema sana.

Sasa niwaeleze desturi yetu, maana hapo ndipo penye kisu. Kwetu mtoto akikawia kutoka, wanawake hawatafuti kwanza daktari, hutafuta jina. Husemwa kwamba mimba ya siri humfunga mtoto, na mama asipomtaja aliyempa, mtoto hukataa kuzaliwa mpaka wafe wote wawili. Mficha uchi hazai, ndivyo wanavyosema, na hawasemi kwa mfano. Mkunga wa kijiji chetu alikuwa mama yangu. Alikuwa na mikono mizuri, watu walimfuata kutoka mbali, na aliamini jambo hilo kama alivyoamini kwamba maji huzima moto.

Uchungu ulianza alfajiri. Kufikia saa sita mchana mtoto hajashuka, moshi umeingia mpaka ndani, macho yanatuwasha sote. Bibi yake Feza alikuwa amemshika mabega, mimi mkono, mama amepiga magoti mbele yake.

“Feza, mutoto wangu,” mama alisema, bado kwa upole, “taja jina. Mutoto anangojea jina ya baba yake.”

Feza aligeuza kichwa akanitazama. Angeweza kusema wakati ule. Angeweza kumwambia mke wa mtu, usoni, jina la mume wake. Nami nilimfinya mkono, si kumtia moyo, bali kumkumbusha. Nilimfinya kwa nguvu, tendo lile nalikumbuka kwa kucha zangu.

“Sina jina,” akasema.

“Uko nayo! Itapike!” Mama akampiga kofi la paja. “Unataka kufa juu ya mwanaume? Iko nani?”

Jua lilipopinda akataja mtu: mchimba dhahabu mmoja aliyepita na pikipiki akienda Salamabila, akamwita Jean. Wanawake wakashangilia, wakakaa kumngojea mtoto. Hakuja. Basi wakajua amedanganya, na huruma iliyokuwa imebaki ikaisha. Walimnyima hata maji. Bibi yake alimlilia amhurumie, kana kwamba ni Feza aliyekuwa akimtesa mtu. Nami nilikuwa pale, nina jina mdomoni, jina ambalo lingewafanya waache kungoja na kuita pikipiki ya kumpeleka hospitali saa ileile. Nilinyamaza mpaka siku ya pili, mama alipochoka na kusema apelekwe mjini Kasongo. Hospitalini walimtoa mtoto amekufa, wa kike, na ili Feza abaki hai wakamtoa na kizazi. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Baba alichangia mafuta ya pikipiki, na kijiji kikamsifu.

Leo mimi ni muuguzi katika wodi ya uzazi, hapahapa Kasongo. Masomo yangu hayakuisha, kama mnavyoona. Wasichana wanaletwa wakiwa wadogo kuliko Feza, na mambo yamebadilika: mtoto akikawia tunapasua, hatuulizi. Ila kwenye fishi, karatasi ya mgonjwa, kuna mstari wa jina la baba, na msichana akisita, mimi huupita haraka na kuuliza umri. Wenzangu husema nina huruma. Siwasahihishi. Baba tulimzika miaka mingi iliyopita kwa heshima zote, wanafunzi wake wa zamani wakimlilia, na Feza alikuja matangani akabeba maji siku tatu bila kutumwa na mtu.

Anauza mawese sokoni. Nanunua kwake kila juma, tunacheka, tunaulizana habari za nyumbani. Mwezi uliopita, mashamba yakiwa yanachomwa, alikuwa akinijazia chupa, akasema bila kuinua macho: “Mwamini, wewe ulizaa watoto wane. Walitokaka namna gani, na ile jina iko mu tumbo yako?” Alifunga kizibo, akaifuta chupa vizuri, akanipa. Hakuwa na hasira. Ingekuwa heri angekuwa nayo.

Nilirudi nyumbani na chupa yangu. Mama yangu yu hai, naishi naye, na jioni huketi uani akiwasimulia wanangu jinsi babu yao alivyokuwa mtu wa haki. Basi nalitaja: Amisi, mwalimu wa darasa la sita, mume wa Mama Mwamini. Nimeliandika hapa wazi, kwa sababu mama hajui kusoma.