Alimasi na Mashini ya Kutoka Salamabila

Alimasi wa Kasongo hakununua kitu bila kukitilia mashaka. Mafuta ya mawese aliyaonja kwanza, kisha akauliza chini ya bidoni kuna nini. Sokoni walishamzoea. Walijua pia sababu: kuna mwaka aliuziwa simu huko Kindu, na alipofungua boksi nyumbani akakuta kipande cha sabuni kimefungwa vizuri kwa karatasi.

Kazi yake ilikuwa kupiga video za arusi, za Waislamu wa mjini na za Wakristo wa vijijini, mpaka Kabambare, safari ya pikipiki iliyomrudisha na matope hadi kifuani. Akirudi, alikata na kuunga picha kwenye kompyuta yake, ordinateri ndogo ya kukunja ambayo kioo chake hakikupita ukubwa wa daftari la shule. Macho yalimuuma. Mkewe Soraya alimwambia mara nyingi atafute mashini ya kioo kipana, naye akamjibu kwamba vipana vya bei rahisi vyote vina ugonjwa ndani.

Ndipo akaja Moustapha, mchuuzi wa vitu vya okazyo, vilivyokwisha kutumika, na ordinateri kubwa nyeusi ya kukunja iliyotoka Salamabila. Kioo chake kilikuwa kipana kama sinia. Bei aliyotaja ilikuwa ndogo, na hiyo bei ndiyo iliyomtia Alimasi wasiwasi kuliko yote.

"Ulipata kwa nani?"

"Kwa Papa Octave. Alikuwa anaonyesha filme kwa wachimba dhahabu. Sasa amehama, hataki mizigo."

"Kwa nini hakuuza palepale?"

"Yaya, kaka yangu, pale kila mutu anataka simu. Mashini kubwa namna hii, nani atatembea nayo?"

Alimasi akaomba namba ya huyo Octave, akampigia papo hapo. Sauti ya mwanaume ikajibu kwamba ndiyo, mashini ilikuwa yake, na amemuuzia Moustapha kwa hiari yake. Alimasi akashukuru, akakata simu, akamgeukia mkewe.

"Huyu anaweza kuwa ndugu yake Moustapha, amekaa nyuma ya nyumba yetu."

Soraya akatoka kwenda kuangalia. Akarudi akasema kule nyuma kuna mbuzi tu.

Walipatana kwamba mashini ibaki kwa Alimasi mpaka Ijumaa, aijaribu. Moustapha alipoondoka, Alimasi akaanza kuipekua kama askari wa barieri ya barabarani anavyopekua mzigo. Akaibonyeza mgongoni, plastiki ikabonyea. Akaiinua kwa mkono mmoja, ikamlemea. Akasogea pembeni, na rangi zikapauka mpaka zikawa kama nguo iliyoanikwa muda mrefu. Akachomoa waya wa umeme wa pano ya jua: kabla video ya bibi arusi mmoja wa Nyangwe haijafika nusu, kioo kikazima. Sauti nayo ilitoka kama redio iliyofunikwa na sufuria.

"Nilijua," alisema, na alionekana kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta.

"Lakini wewe unakata picha hapa nyumbani," Soraya akamwambia. "Waya uko hapa. Kuitembeza ni ya nini?"

Alimasi akauchomeka waya tena. Moyoni alikuwa amependa jambo moja: kwenye kioo kile aliweza kuweka picha mbili bega kwa bega, ile anayoikata na ile aliyokwisha kuunga, bila kukodoa macho. Na kwa sababu alipenda, akazidi kushuku. Mutu akikuonyesha ubovu mdogo mdogo, aliwaza, ule mkubwa ameuficha.

Alhamisi akaupata. Alikuwa amefungua arusi ya Malaika, binti ya Mama Ernestine wa Kabambare, ambayo ilikuwa haijakabidhiwa. Kwenye ordinateri ndogo picha zilikuwa nzuri. Hapa, uso wa Malaika ulikuwa kama unauona kupitia mvuke wa chungu. Mchungaji vilevile. Mama Ernestine analia kwa furaha, na machozi yenyewe hayaonekani.

Alimasi akampigia Moustapha aje upesi.

"Kioo chako kinaharibu sura za watu," akamwambia alipofika. "Angalia. Hii ndiyo mnaita mashini?"

Moustapha akainama, akaangalia. Soraya akaingia na chai. Akasimama nyuma yao na birika mkononi, akitazama arusi.

"Ile bati nyuma ya Malaika," akasema, "hata misumari yake naiona."

Hakusema kwa ubaya. Lakini Alimasi akasogeza uso karibu. Ni kweli, bati ilikuwa safi, mstari kwa mstari, na kila musumari na kutu yake. Kioo kilekile kilichotoa musumari wazi hakiwezi kuficha uso. Akafungua arusi nyingine, na nyingine tena. Mapazia yalikuwa wazi, maua ya plastiki yalikuwa wazi. Watu walikuwa ndani ya mvuke.

"Kamera imeharibika," akasema, sauti imeshuka.

Soraya akaweka birika chini, akachukua kamera, akamlenga Moustapha, akazungusha pete ya lenzi polepole mpaka uso ukawa wazi, akapiga. Walipoiweka picha ile kwenye kioo kipana, hata nywele za nyusi za Moustapha ungeweza kuzishika; kamera ilikuwa nzima.

Moustapha akaaga bila kuulizia habari ya Ijumaa. Alimasi akabaki ameketi. Baadaye akamuuliza mkewe tangu lini alijua kwamba macho ya mumewe yamechoka, hayawezi tena kulenga uso wa mtu.

"Sikujua, Baba Chadia. Kwenye kile kidogo nani angeona?"

Mashini akainunua. Jumatatu wakapanda pikipiki wote wawili kwenda Kabambare, Soraya ameifunga mashini mgongoni kwa kitenge kama mutoto. Alimasi alitaka Mama Ernestine aione kasoro mwenyewe, asije akasikia kwa wengine.

Mama Ernestine aliangalia kiapo cha binti yake chote. Mikono yake ilikuwa imetulia mapajani.

"Malaika ameolewa mara moja," akasema. "Kiapo hicho nitakiona wapi tena?"

Alimasi akamwambia tu kwamba kamera haina kosa, ni macho yake. Soraya akasogeza picha mbele mpaka ngoma ya nje, iliyopigwa kutoka mbali, ambako kila kitu kilikuwa wazi: shangazi wa Malaika, wacheza ngoma, na Mama Ernestine mwenyewe ameinua kanga juu. Mama akaomba irudiwe. Mara ya pili batri ikafa katikati, ikabidi waende kwa jirani mwenye jenereta.

Walipomaliza, Mama Ernestine alikunja uso, akafikiri.

"Mdogo wake Malaika ataolewa baada ya mavuno," akasema. "Mtakuja. Lakini kamera ashike mama huyu."

Ndivyo ilivyokuwa tangu hapo. Soraya anapiga, Alimasi anakata nyumbani mbele ya kioo kipana, waya umechomekwa. Katika arusi anasimama nyuma ya bega la mkewe, anamuuliza kila mara kama ana hakika picha iko wazi. Mwanzoni Soraya alikuwa anamjibu.