Kizibao cha Njano Kwenye Barafu

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikianza sitakusubiri. Nimeshazoea. Nimewasimulia watu wa kanisani, nimewasimulia wenzangu wa chuo, na kila mara hakosi mmoja wa kuuliza kama siku ile nilikuwa nimekunywa kitu. Nilikunywa kahawa, basi. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na mwenzangu aliyekuwa ameshika usukani yupo hapa hapa Durban, anakula na kulala kama watu wengine, isipokuwa jambo hili hapendi kuliongelea.

Kwanza umjue baba yangu. Papa, kama tunavyowaita baba zetu sisi Wakongo, analinda magari South Beach. Umewaona watu hao. Ni yule mwenye kizibao cha njano cha kung'aa anayekuonyesha pa kuegesha, halafu anakaa juani kutwa akiliangalia gari lako wakati wewe unaogelea. Wenzake wengi hupiga mluzi na kuzungusha kitambaa. Papa hapigi mluzi. Yeye hunyoosha viganja viwili vikitazamana, na kadiri nafasi inavyopungua ndivyo anavyovisogeza karibu, mpaka dereva anajua kabisa amebakiza kiasi gani. Akimaliza, hugonga boneti mara mbili kwa ncha za vidole, taratibu, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa. Mimi nimesomeshwa na viganja hivyo, pamoja na mikono ya Mama anayesuka nywele kule mtaa wa Point.

Na unajua chuoni nilisemaje? Nilisema baba yangu ni meneja wa usalama kwenye kampuni kubwa. Nilisema hivyo mwaka wa kwanza, uongo ukanizoea nami nikauzoea. Sijisifii, nakwambia tu ili uelewe kilichonifika.

Mwaka wa tatu nikapata nafasi ya kwenda kusoma Finland kwa miezi kumi, kwenye mpango wa kubadilishana wanafunzi. Tulitoka wawili Durban, mimi na Kiprono, Mkenya wa Eldoret mwenye maneno mengi na roho nzuri. Papa alinisindikiza uwanja wa ndege na kizibao chake mkononi, maana alikuwa anatoka hapo kwenda kazini. Nikamwomba akikunje akiweke ndani ya mfuko, Kiprono asije akakiona. Akakikunja, akakitia mfukoni.

Kule nilisoma, lakini nilitembea zaidi. Mungu anisamehe, nilitembea! Tulipanda meli kwenda Tallinn, watu wanacheza dansi saa nne asubuhi kana kwamba ni harusi. Tukaenda Stockholm, nikapotea kwenye vichochoro vya mji wa kale na sikutamani kuonekana. Copenhagen nilikodi baiskeli nikamparamia mzee mmoja, na yeye ndiye aliyeniomba radhi. Norway niliona milima imesimama ndani ya bahari, nikalia bila sababu. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili kutoka Sydenham, mtaa wetu wa Durban, na dunia ilikuwa inanifungulia mlango baada ya mlango. Mpaka leo nashukuru kwa kila siku moja ya siku zile.

Ila nyumbani nilisema niko maktaba. Kila Papa alipopiga simu, niko maktaba. Ningemwambiaje kwamba nakula samaki wa moshi kwenye meli, na yeye yuko juani kwenye lami? Kwa hiyo elewa vizuri hapa: siku yenyewe Papa hakujua niko wapi. Hakuna mtu yeyote Durban aliyejua.

Ilikuwa Januari. Mimi na Kiprono tulikodi gari kwenda pwani ya kaskazini, kwa sababu tulisikia kuna kisiwa ambacho wakati wa baridi bahari huganda hadi watu wanakifikia kwa gari. Kuendesha gari juu ya bahari, wewe ungekataa? Tulipofika, kizuizi kilikuwa kimeshushwa. Siku chache kabla baridi ilikuwa imelegea, kwa hiyo barabara ya barafu ilikuwa imefungwa. Feri ya kwenda kisiwani ilikuwa imeshaondoka, na nyingine ilikuwa ya baada ya saa mbili nzima. Lakini pembeni ya kizuizi kulikuwa na alama za magurudumu zinazoshuka baharini. Kiprono akasema wenyeji wamepita hapa. Akaniangalia. Aliyesema twende ni mimi, si yeye, na hilo sitamsingizia mtu.

Ilikuwa saa kumi na nusu alasiri, na giza limeshaingia. Usishangae, kule Januari jua huchungulia tu na kurudi kulala. Lakini saa ni zile zile za kwetu: wakati wa baridi, saa kumi na nusu ya Finland ndiyo saa kumi na nusu ya Durban. Kumbuka hilo.

Tukashuka. Gari likaanza kutembea juu ya theluji laini, taa zikionyesha weupe mtupu. Chini yetu kulikuwa na sauti ndogo ndogo, kama mtu anayevunja biskuti chumba cha pili. Tulikuwa tunacheka. Tukaenda labda dakika tatu. Halafu mbele yetu, ndani ya mwanga wa taa, nikaona kizibao cha njano.

Kiprono akakanyaga breki, gari likateleza kidogo, likasimama. Mtu alikuwa amesimama hatua kama kumi na tano mbele, mikono imenyooshwa, viganja vinatazamana. Kiprono akacheka. Lazima nikwambie kwamba Kiprono ana gari lake Durban, na yeye hawapendi kabisa walinda magari. Wakimkaribia hujifanya anaongea na simu. Basi kwa mazoea yale yale akasema, "Hata huku wako? Huyu anataka coins tu, wacha nimzunguke," akaanza kukata usukani kulia.

Nami nilikuwa nimeshamtambua. Niamini. Ungemtambua baba yako kwa namna anavyosimama hata kama ungemwona mwezini. Alikuwa amevaa fulana ya mikono mifupi chini ya kizibao, na miguuni ana sandali zile zile za kazini, vidole nje, kwenye baridi ambayo sisi tulikuwa tumevalia soksi tatu. Na hata pale nilinyamaza, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Kwa sekunde moja au mbili, huku gari linaanza kumzunguka, nilichofikiria ni kwamba nikifungua mdomo Kiprono atajua baba yangu anafanya kazi gani. Hebu fikiria, binadamu alivyo!

Nikateremsha kioo, sijui kwa nini. Upepo ukaingia kama kisu, na pamoja na upepo ikaingia sauti yake, si ya kupiga kelele, ile ile anayotumia na wateja.

"Rudia nyuma," alisema. "Rudia pole pole. Huku mbele iko maji."

Hapo ndipo nilipolia, "Kiprono, simama! Huyo ni baba yangu!"

Kiprono akanitazama mimi, akamtazama yule mtu, akaweka gia ya kurudi nyuma. Na mtu ambaye hajawahi kumtii mlinda magari maishani mwake alitii viganja vile kama mtoto wa chekechea. Viganja vikienda kushoto, naye kushoto. Vikisimama, naye anasimama. Papa alikuwa anatufuata kwa mbele, hatua kwa hatua, hatelezi, hatoi mvuke mdomoni. Sisi pumzi zetu zilikuwa zimejaza vioo. Yeye mdomoni pake palikuwa pakavu.

Magurudumu ya nyuma yakagusa nchi kavu. Gari likapanda hadi kwenye kizuizi, likasimama. Kisha tukasikia, wote wawili, boneti ikigongwa mara mbili.

Nilitoka mbio hadi mbele ya gari. Hapakuwa na mtu. Kwenye theluji kulikuwa na alama za magurudumu yetu tu, za kwenda na za kurudi, hakuna alama ya sandali wala ya kiatu. Niliita Papa, Papa, mpaka sauti ikaisha. Kiprono alinivuta ndani ya gari, akawasha kipasha joto. Baadaye akaniuliza, kwa upole sana, meneja wa usalama anafanya nini na kizibao kile. Nikamwambia ukweli wote. Akanimiminia kahawa iliyobaki.

Nikapiga simu nyumbani. Kabla sijasema lolote, Mama akaniambia leo Papa amerudishwa mapema.

"Iko analala," alisema. "Nimemufunika blanketi mbili, na inje joto iko inaunguza watu. Analalamika miguu."

Akanieleza alivyoelezwa na mwenzake Papa aliyemleta. Kiasi cha saa kumi na nusu, Papa alikuwa amekaa kivulini. Ghafla akasimama, akaenda kwenye nafasi ya kuegesha ambayo haikuwa na gari, akanyoosha viganja, akaanza kulirudisha nyuma gari ambalo hakuna aliyeliona. Watu waliokuwa wanatoka kuogelea walisimama kumcheka, mmoja akampiga picha. Alivuka hivyo hadi mwisho wa maegesho, akainama, akagonga hewa mara mbili, halafu akakaa kwenye ukingo wa barabara akitetemeka na kuomba blanketi. Wakadhani ni jua. Mama aliniuliza mbona nalia. Nikamwambia nina mafua.

Asubuhi mama mwenye nyumba tuliyolala alitupeleka ufukweni. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. Katika mwanga tuliona kila kitu. Alama za wenyeji zilikata kushoto mapema, gizani hatukuona. Alama zetu ziliendelea moja kwa moja, zikaonyesha mahali Kiprono alipoanza kukata usukani, na hapo zikaisha. Hatua chache mbele yake kulikuwa na maji meusi, mapana kama uwanja wa mpira wa kikapu, yanafuka moshi. Akatuambia pale pana mkondo unaopita chini, hapagandi vizuri hata mwaka wa baridi kali. Kiprono akanishika mkono. Pale Papa alipokuwa amesimama, hapakuwa ukingoni mwa maji. Palikuwa katikati yake.

Sasa wewe niambie, alikuwa nani? Wenzangu wa kanisani wanasema malaika alivaa sura ya Papa. Ningekubali, kama si miguu. Wiki ile vidole vya mguu wake wa kushoto vilivimba, vikawa vyeusi. Kliniki muuguzi alimuuliza kama anafanya kazi kwenye vyumba vya kugandisha samaki, kwa sababu hiyo, alisema, ni ngozi iliyounguzwa na baridi. Januari, Durban! Kidole kidogo kilikatwa. Kinachofuata hakina hisia mpaka leo. Malaika hapotezi kidole.

Nilirudi Juni. Nilisubiri Mama aende saluni, nikakaa sakafuni mbele ya Papa, nikamweleza yote: meli, milima, maktaba ya uongo, uwanja wa ndege, kizuizi, na sekunde zile mbili nilizonyamaza. Nilitaka anigombeze. Nilitaka pia, nisikufiche, aniambie kwamba damu ni damu, kwamba alihisi mtoto wake anaangamia akaja. Hata hotuba ya kumshukuru nilikuwa nimeshaipanga.

Papa alifikiri kwanza. Alisema siku ile anaikumbuka kidogo tu, kama ndoto ya mchana. Aliona gari inaingia mahali pabaya, akaenda.

"Sikujua kama ni wewe," alisema. "Niliona taa tu. Gari ikiingia mubaya, mtu anaulizaka kwanza nani iko ndani?"

Hotuba yangu ikaishia hapo hapo. Miaka yote nilikuwa namwonea aibu mtu ambaye angetembea juu ya maji na sandali zake kwa ajili ya gari la mtu asiyemjua. Nililia nikiwa nimeshika mguu wake, naye akawa ananiuliza kama Norway kweli milima inatoka ndani ya bahari. Nilimwonyesha picha zote, hadi za samaki wa moshi. Kiprono naye alikuja Jumapili iliyofuata, akasimama mlangoni na mfuko wa machungwa, maneno yake yote yamemwisha, akamwinamia Papa kama anavyomwinamia babu yake.

Kwa hiyo nakuonya, na sikuonyi kwa mzaha. Ukiwa umeshika usukani, popote pale, na mtu mwenye kizibao akakunyooshea mkono usimame, simama. Usijifanye unaongea na simu, na usimzunguke. Teremsha kioo umsikilize. Na ukipita South Beach ukamkuta mmoja asiyepiga mluzi, anayechechemea kidogo mguu wa kushoto, usimuulize habari za barafu, atakucheka. Mwambie asante. Mimi namwambia kila asubuhi anapokivaa kizibao chake, na bado sijamaliza.