Mwembe wa Njia ya Choo

Nyumba niliyoinunua nje kidogo ya Chebunyo ilikuwa na vyumba viwili, paa lenye mashimo kumi na saba, na choo kilichojengwa mbali kuliko inavyofaa. Mashimo niliyahesabu mara mbili, asubuhi na adhuhuri, kwa sababu jua likiwa juu yanajionyesha yote. Aliyeniuzia alisema ni matano. Nilimwambia huenda yeye alihesabu usiku.

Mama alikuwa bado Kericho, kwa dada yangu. Alikuwa amechuma majani chai kwenye shamba la kampuni tangu kabla sijazaliwa mpaka magoti yalipomkatalia, na miaka hiyo yote aliishi kwenye nyumba za kambi. Kwenye nyumba ya kambi unaweza kupanda sukuma wiki na vitunguu. Mti hupandi, kwa sababu wiki ijayo unaweza kuhamishiwa laini nyingine ya nyumba, na mti haukunjwi ukatiwa kwenye gunia.

Mimi huuza mitumba soko la Siongiroi, na watu husema najua kukata bei. Hawajakutana na mama. Nilipomwomba ahamie kwangu, alisema vigae hataki na televisheni hataki.

"Nataka mti wa matunda mbele ya mlango wangu. Ukizaa, nakaa. Usipozaa, narudi kwa dada yako, na tusinuniane."

Niliomba miaka mitano, akasema miwili, tukakutana kwenye minne. Siku hiyohiyo nilinunua mche wa embe uliounganishwa ili uzae mapema, kwa mzee anayeuza miche pale Siongiroi. Jirani yangu alinunua mwingine kama huo, kutoka mstari uleule. Niliupanda kwenye njia inayotoka chumba cha mama kwenda choo, mahali ambapo angeuona kila siku.

Mama alikuja na begi moja na sweta la kijani. Huku Chepalungu, chini kuliko Kericho, jua halina adabu, lakini sweta hakulivua. Mwili wake ulikuwa bado kwenye baridi ya Kericho. Begi nalo halikufunguliwa sawasawa. Alitoa nguo, akavaa, akafua, akakunja, akarudisha, akafunga zipu. Fundi alipotaka kumpigia misumari ya kutundikia nguo, alimkataza. Alisema ukuta wa watu hautobolewi na mgeni.

Fundi huyo ni Mkipsigis wa hapo karibu, na huja kwangu akikosa kazi pengine, ndiyo maana nyumba ya vyumba viwili ilitutoa jasho zaidi ya miaka mitatu. Tulianza na paa, tukaja siling kwa sababu mabati yalikuwa yanatupika kama viazi, kisha plasta, kisha sakafu. Fundi humwita mama Kogo, yaani bibi, kama anavyomwita bibi yake mwenyewe, na Kogo alimpenda kwa sababu hakuwahi kumuuliza atamaliza lini.

Mwaka wa pili mwembe wa jirani ulitoa maua. Wetu ulitoa majani. Mwaka wa tatu wa jirani ulimpa ndoo mbili, na alituletea maembe matano, ambayo mama aliyapokea kwa shukrani na kukataa kuyala. Wetu ulikuwa umefika kiunoni, umetanuka pembeni, juu umesawazika vizuri kabisa. Wageni waliusifu. Mimi pia niliusifu.

Kisha nikaanza kutafuta mkosaji. Wa kwanza alikuwa fundi, kwa sababu alikuwa akioshea mwiko na wilbaro karibu na shina, na maji ya simiti si maji. Nikamhamishia nyuma ya nyumba. Wa pili walikuwa mbuzi wa barabarani, nikaweka ua. Nikabaki na aliyeniuzia mche. Nikaupiga mwembe picha kwa simu, nikaenda nimejiandaa kwa ugomvi.

Mzee wa miche aliikuza picha kwa vidole viwili.

"Kastoma, huu mti unaukata na makasi?"

Nikamwambia mti wangu haujawahi kuguswa.

"Angalia. Kila ncha imekatwa. Na maua ya embe hutokea kwenye ncha."

Ugomvi wangu ukabaki mfukoni. Kesho yake asubuhi nilikaa juu ya rundo la mchanga na kikombe changu cha chai, nikatazama.

Mama alitoka na sweta lake. Alimsalimia fundi, akanianzia habari za kwaya ya kanisani na nani ameshonewa joho lisilomtosha, akashika njia ya choo huku anaendelea kuongea. Alipofika kwenye mwembe mwendo ulipungua. Macho yalikuwa kwangu, mdomo ulikuwa kwenye kwaya, na mikono yote miwili iliingia kwenye majani. Tak, tak, tak. Majani mawili na kichipukizi. Kiganja kikijaa, alirusha nyuma ya bega, pale ambapo kikapu kingekuwa. Wakati wa kurudi alichuma upande wa pili. Nilihesabu kumi na tisa akienda na kumi na nne akirudi. Vijani vilivyokauka njiani nilikuwa nikivifagia kila siku nikidhani ni upepo.

Ulikuwa umesawazika kama meza kwa sababu ulikuwa umechumwa kama chai.

Sikujua nimwambie vipi. Vidole hivyo ndivyo vilivyonisomesha. Na nikinyamaza, miezi iliyobaki itaisha, atafunga zipu mara ya mwisho. Nikaona nitumie ujanja ili asipite tena kwenye mwembe. Nilimwambia fundi azibe mlango wa chumba cha mama na kufungua mwingine upande wa pili. Fundi aliweka mwiko chini, akauliza kwa nini, kwa sauti ya kufika barabarani. Nikasema upepo. Akasema upepo wa hapa hautokei upande huo, yeye amezaliwa hapa.

Mama akatokea. "Nani anahamisha mlango wangu?"

Fundi akaniangalia mimi. Nikamweleza mama yote, mpaka kumi na tisa na kumi na nne.

Alienda akasimama mbele ya mwembe, akaanza kumwonyesha fundi ufa kwenye plasta, kama mtu asiyetaka mazungumzo. Katikati ya maneno mikono ikainuka yenyewe. Akaitazama ikienda.

"Kumbe hii bado iko kazini," akasema. "Na hakuna anayeyapima majani yake."

"Kogo, ungeniambia, ningekununulia mizani," fundi akasema, na mama akacheka mpaka akashika ukuta.

Nilipendekeza tuanze kuhesabu miaka upya. Alikataa. Makubaliano yalikuwa minne, na aliyeharibu ni yeye. Lakini tangu siku hiyo hakupita kwenye mwembe mikono mitupu. Alibeba karai la maji ya vyombo kwa mikono miwili, akayamwaga kwenye shina, akaendelea na safari. Akirudi alibeba karai tupu vilevile kwa mikono miwili, kama sahani ya sadaka. Aliyekuwa anaunyima maua sasa alikuwa anaunywesha mara nne kwa siku. Ncha zikarefuka. Lile umbo la meza likapotea, mti ukawa na nywele zisizochanwa, na wageni wakaacha kuusifu.

Maua yalikuja ikiwa imebaki miezi mitano tu. Vitunda nilivihesabu ishirini na tatu, upepo ukavifanya tisa, na vilivyofikia kuiva vikawa vinne. Nilihesabu mara mbili. Mama alihesabu mara tatu, kwa sababu haniamini.

Embe la kwanza alilichuma mwenyewe, kwa kulizungusha taratibu, akalila lote akiwa amesimama njiani. Mimi na fundi tulisubiri. Alinyonya kokwa, akafuta kidevu, akasema la jirani lilinukia vizuri zaidi.

Kisha akamwita fundi aje na nyundo. Alitaka misumari minne ukutani. Fundi akasema mitatu inatosha begi moja. Mama akamwambia kuna na sweta, na akalivua hapohapo, akamshikisha.