Mlio wa Punje za Mfupa

Kazini walimwita Mama Supu, na alikuwa amelizoea jina hilo kiasi cha kuitika kabla hawajalimaliza. Chanzo kilikuwa sufuria. Kila alipoletewa mifupa ya mapaja ya ng'ombe kutoka machinjioni, aliikata kwa msumeno, akausukuma uboho nje kwa kijiti, kisha akaichemsha mpaka mafuta yote yakatoka na maabara nzima ikanukia kama jikoni kwa watu. Watafiti waliopita koridoni walichungulia mlangoni na kuuliza kama ndimu ipo.

"Ndimu ipo," aliwajibu, "ila supu hii inaliwa na mguu, hailiwi na mdomo."

Nao walicheka, kila mara, kama vile ndiyo kwanza wanaisikia.

Lakini alisema kweli. Mifupa ile ikishachemshwa na kukauka iliingia kwenye tanuri la umeme, ikaungua mpaka chochote kilichowahi kuwa hai ndani yake kikaisha, ikabaki kitu cheupe pe, chepesi, chenye vitundu vidogo vidogo kama vya mkate. Mama Supu alikisaga, akakichekecha, akakiloweka kwenye dawa aliyoichanganya Profesa, mkuu wa maabara, kwa mkono wake, akakikausha tena. Zilizopatikana zilikuwa punje ndogo kama chenga za mchele. Kazi yake ni kujaza pengo katika mfupa wa mtu, pale kipande kilipopotea kwa ajali au maradhi, ili mfupa wenyewe upate pa kushika, utambae humo na kukutana katikati.

Punje za namna hiyo zilikuwapo siku zote hospitalini, zikiagizwa kutoka nje. Zile za zamani zikiingia mwilini ndiyo zimeingia, hazitoki. Za Profesa zilitengenezwa ziyeyuke zikishamaliza kazi, kama mgeni mwenye adabu anayejua saa ya kuaga. Ndani ya kondoo wa majaribio zilifanya hivyohivyo. Siku kondoo wa kwanza aliposimama kwa miguu yote minne na kuanza kugombea majani na wenzake, Mama Supu alilia mbele za watu, wala hakuona haya. Alijivuna, tena sana. Mtu akizisema vibaya punje zile alikasirika kana kwamba amesemewa mtoto.

Mumewe alikuwa fundi wa kuezeka, mtu wa maneno mengi na miguu myepesi, aliyetembea juu ya kenchi za paa akipiga mluzi kama anayekwenda dukani kununua chumvi. Asubuhi moja baada ya mvua alikanyaga ubao uliolowa, akaanguka, na mguu wa kushoto ndio uliotangulia chini. Mfupa wa muundi ulivunjika, ukatokeza nje ya ngozi. Hospitali wakaufunga, ukaoza kwa ndani. Wakaufungua, wakausafisha, ukaoza tena. Mwishowe daktari wa mifupa alikata kipande chote kilichokufa, akauacha mguu umeshikiliwa na vyuma vilivyochomoza nje, kama jengo lililokimbiwa na mafundi. Kati ya ncha mbili za mfupa palibaki pengo ambalo ungeweza kuingiza vidole viwili.

"Pengo likijaa, utatembea," daktari alimwambia. "Lisipojaa, tutaukata. Sikufichi, mzee."

Kuanzia hapo nyumba yao ilikuwa na habari moja tu. Mume, ambaye hakujua kukaa kimya hata akiumwa, aliifanyia mzaha.

"Mama, si unachemsha mifupa kutwa nzima? Ficha mmoja kwenye mkoba uniletee."

Yeye hakucheka. Ndicho alichokuwa akikifikiria tangu ameamka.

Ikatokea kwamba Profesa alipata ruhusa ya kuzijaribu punje zake kwa binadamu. Utaratibu haukuwa wa mchezo. Nusu ya wagonjwa wangewekewa punje mpya, nusu wangewekewa za zamani, na kura ndiyo ingeamua. Chupa zilifanana kwa kila kitu. Kila moja ilitiwa kwenye mfuko wa karatasi wenye namba ya mgonjwa, na aliyejua nani kaangukiwa na ipi ni mtu mmoja wa chuo kingine, aliyezifunga mwenyewe na asiyemfahamu mgonjwa yeyote. Daktari hakutakiwa kujua, wala mgonjwa, wala Profesa. Mtu akijua, macho yake huanza kumwonyesha anachokitaka.

Mumewe alikubaliwa kuingia. Profesa alimwita Mama Supu ofisini, akamkaribisha kiti, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Nimemwona mzee kwenye orodha. Siku yake nikimpa mtu mwingine abebe sanduku la chupa kwenda upasuaji, hutanielewa vibaya?"

"Nitabeba mimi, Profesa. Kazi ni kazi."

"Haya. Nakuamini."

Na alimwamini kweli, ndiyo taabu yenyewe. Wakati anasema hivyo, Mama Supu alikuwa na jambo moja ambalo hakuwa amemwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza na yeye hakuliona kuwa ni jambo. Ukizitikisa punje za zamani ndani ya chupa, hulia kama kokoto. Zile mpya, kwa wepesi wake, huchakarika kama majani makavu. Angezitambua hata amefumba macho.

Siku ya upasuaji sanduku lilikuwa na mifuko miwili. Mmoja wa mumewe. Wa pili wa mwanamke mmoja, fundi cherehani, ambaye alikuwa amegongwa na pikipiki na kupoteza kipande cha muundi vilevile. Mama Supu alimjua kwa kumsalimia tu, akipita wodini kwao kwenda kwa mumewe. Mwanamke mchangamfu, aliyewashonea vifungo wagonjwa wenzake huku mguu wake umening'inizwa.

Nje ya chumba cha upasuaji palikuwa na benchi na mlango wa bembea. Hapakuwa na mtu. Mama Supu aliweka sanduku mapajani, akajiambia hatalifungua, akalifungua. Aliuinua mfuko wa mumewe, akautikisa kidogo karibu na sikio.

Kokoto.

Aliuinua wa fundi cherehani. Majani makavu.

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakamwaka. Miaka yote hii anachemsha, anasaga, anachekecha, anavuta vumbi la mfupa puani kwa ajili ya miguu ya watu asiowajua, halafu mguu wa nyumbani kwake upewe cha nje! Alimwona mumewe juu ya paa, akipiga mluzi. Aliwaona kondoo wakikimbia. Hakumfikiria fundi cherehani hata kidogo, au alimfikiria akajihimiza kwamba za zamani nazo si mbaya, zimewasaidia wengi. Mifuko ya nje ilikuwa imekunjwa tu mdomoni, kwa kuwa hakuna aliyedhani panahitajika kufuli kati ya Mama Supu na kazi yake. Kufumba na kufumbua, chupa zilikuwa zimebadilishana mifuko. Mlango ukafunguka, nesi akatoka, akanyoosha mikono kulipokea sanduku.

"Ahsante, Mama Supu. Mwombee mzee."

"Namwombea," akasema, na aliomba kweli.

Picha za kwanza za eksirei zilikuwa za kutia moyo. Pengo lilionekana limejaa weupe, na mume alitaka picha ibandikwe ukutani pale nyumbani, karibu na saa. Alianza kupanga paa atakaloanza nalo. Mama Supu alimpikia, akamwogesha, akaimba akifua mashuka, na majirani wakasema maisha yamemrudia.

Kisha weupe ukaanza kufifia. Mwanzoni alifurahi. Ndivyo punje zake zilivyotakiwa kufanya: ziyeyuke, zipishe. Akawa anaisogeza picha dirishani, anaitafuta ile mistari myembamba ya mfupa mchanga inayopaswa kuja nyuma yake. Hakuiona. Picha iliyofuata aliisogeza karibu zaidi na mwanga. Palikuwa peusi. Kondoo hujenga mfupa upesi. Mtu aliyelala kitandani, na mguu uliokwisha kuoza, hujenga kwa kujikongoja. Mgeni alikuwa ameaga kabla mwenyeji hajafika. Ndani ya lile pengo tupu usaha ulirudi, ukaja na homa, na homa haikusikia dawa.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Mume alipozinduka aliomba maji, akanywa, akatazama mahali shuka lilipolala bapa.

"Usilie hivyo, mama," alisema. "Umenihangaikia kuliko mke yeyote. Mengine si yetu."

Laiti angemtukana. Laiti angeligeukia ukuta asimwangalie. Aliushika mkono wake akaupapasa, na Mama Supu alikaa pale akijiona mchafu kuanzia vidoleni.

Wengine nao walikwenda mrama, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikabidi utafiti usimamishwe na orodha ya kura ifunguliwe. Profesa aliwakusanya wote maabara. Alikuwa amekonda, shati limemlegea shingoni. Alisoma: aliyepata mpya, aliyepata ya zamani. Waliopata mpya karibu wote mfupa haukushika. Karibu wote, alirudia, maana mmoja ulikuwa umeshika vizuri ajabu, mfupa mnene, ulionyooka, na akaibandika picha yake kwenye taa ili waione. Ilikuwa picha ya fundi cherehani.

"Huyu ndiye anayenizuia kukata tamaa," Profesa alisema. "Kama zimeweza kwake, basi zina kitu ndani yake. Tutatafuta ni kitu gani, tuombe ruhusa, tuanze upya na watu wengine."

Walipotawanyika alimfuata Mama Supu kwenye sinki, alikokuwa akiosha sufuria iliyokwisha kuoshwa.

"Pole, dada yangu. Nimeona mzee aliangukiwa na ya zamani." Alitafuta neno la kumfariji, na maskini akalipata. "Nadhani mguu wake ulikuwa umeharibika mno, maana wengine wote wa za zamani wamepona. Lakini unajua ninachokiwaza? Angepata ya kwetu, kama yule mama, huenda leo angekuwa na mguu wake."

Mama Supu aliangalia maji yanavyozunguka na kuingia tunduni. Kulikuwa na maneno machache tu ya kusema, na yalikuwa yamejipanga kooni. Yangemfukuza kazi, hilo hakulijali tena. Yangefika nyumbani kwa mtu anayejifunza kutembea kwa magongo na bado anamwita mke bora kuliko wote. Profesa alimpigapiga begani, akaenda zake kuandika ombi la ruhusa.

Wiki zilipita na maneno yakakaa palepale. Usiku aliyasikia, asubuhi aliyapiga mswaki.

Mumewe, kwa upande wake, alikuwa amerudiwa na mzaha.

"Suruali zangu zinaburuta upande mmoja kama pazia. Nimechoka kuzikunja kwa pini. Mpelekee yule fundi cherehani niliyepasuliwa naye siku moja, anaijua hali yangu, hatauliza maswali."

"Mafundi wapo hapahapa mtaani, baba."

"Mafundi wapo. Yule ni mwenzangu wa msiba. Na unisalimie."

Atakataa kwa sababu gani? Alizikunja suruali, akazitia mfukoni, akaenda.

Fundi cherehani alikuwa amekaa kibarazani nyuma ya mashine ya kukanyaga, vipande vya kitambaa vimemzunguka, midomo imebana sindano. Alipomwona alizitoa mdomoni, akasimama, akaizunguka mashine nzima kuja kumkumbatia, kusudi aonekane anavyotembea. Hakuchechemea.

"Karibu, dada yangu, karibu kiti! Mzee hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

"Maskini ya Mungu. Mimi namkumbuka kila siku. Tumeingia siku moja, tumetoka kila mtu na lake." Aliinua upindo wa gauni, akaonyesha kovu refu, kavu, safi. "Tazama. Profesa wenu ananiita kila wageni wakija. Juzi ananiambia, mama, wewe ndiye umebaki kuitetea dawa yangu. Nikamwambia basi nitaitetea mpaka kufa. Dada, mbona hukai?"

Mama Supu alikaa. Alizitoa suruali mfukoni, moja moja, akazilaza juu ya meza ya mashine. Fundi alichukua ya kwanza, akaikung'uta, akaitandaza, akajitundika utepe wa kupimia shingoni. Mguu wake uliopona ulikuwa umeshapanda juu ya kanyagio, ukilichezesha polepole kwa mazoea, juu na chini, na gurudumu likijizungusha bila kushona kitu. Mama Supu aliutazama mguu ule. Aliujua mfupa uliokuwa ndani yake kuliko mwenye mguu mwenyewe. Maneno yalipanda kutoka kooni yakafika kwenye meno, na kwa mara ya kwanza alihisi kwamba yatatoka.

Fundi alishika mkasi, akainua macho, sura yake imejaa huruma.

"Nikate mguu upi, dada?"

Mama Supu alifungua mdomo.

"Wa kushoto," akasema.

Fundi akakata.