Magunia Chumbani Mwangu

Nyumba yetu pale Githongo ilikuwa ya mbao, na mbao zikikauka huachana. Mama aliziba kila ufa kwa vipande vya gunia, kisha akabandika magazeti juu yake kwa uji mzito. Kwetu milimani kila ugonjwa huanza na baridi, nami nilihesabiwa mgonjwa wa baridi tangu nijitambue. Kila asubuhi nilipiga chafya mpaka machozi yakanitoka. Pua ikaziba, chai ikakosa ladha. Mama akaniongezea sweta, na dirisha la chumba changu akalipiga msumari.

Humo ndani nililala na mahindi. Wezi walikuwa wamevunja ghala nikiwa mtoto mdogo, na baba akatoa amri kwamba kila mwaka mavuno yalale ndani ya nyumba, kando ya kitanda changu, mimi nikiwa mlinzi. Mlinzi gani huyo, anayepiga chafya hata kabla mwizi hajatoka kwao! Magunia yalipanda hadi karibu na dari. Nilikuwa nikiutazama ule msumari nikatamani kuung'oa kwa meno.

Nilipopata nafasi katika shule ya bweni kule Karurumo, baba alikataa.

"Kifua kama hicho kitalala bwenini namna gani?"

"Ni pua, baba."

"Pua na kifua ni barabara moja."

Nililia kwa hasira. Niliona maisha yangu yote yakiishia kati ya magunia na ukuta. Nikamsumbua mama mpaka baba akachoka na sisi wote wawili, akasema daktari akithibitisha kwamba kifua changu ni safi, niende.

Daktari wa Meru mjini alisikiliza kifua, akamulika pua kwa tochi, kisha akauliza nalala wapi. Nikamweleza.

"Mama, hii si baridi. Ni aleji," akasema. "Mwili iko na askari wake. Hawa wa huyu msichana wameona vumbi ya mahindi wakadhani ni adui, na sasa wanatumiana ujumbe. Hiyo ujumbe ni kemikali, tunaita saitokaini. Mmoja anaita mwingine, huyo anaita kikosi, wote wanajaa kwa pua na pua inavimba. Hata vumbi ikiisha, bado wanaitana."

"Na mbona shuleni anapiga chafya, na huko hakuna mahindi?"

"Hawa askari hawajapumzika, mama. Kitu kidogo tu, wanapiga filimbi."

Mama alikaza leso kichwani. "Basi nimemfungia ndani na adui."

"Vumbi haina ubaya na yeye. Ubaya ni ulinzi kuzidi. Kifua ni safi, aende shule. Lakini hiyo mahindi itoke."

"Itatoka chumbani mwake," mama akasema.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilimkasirikia mama njia nzima ya kurudi nyumbani, kwa sababu ya ule msumari.

Karurumo kuna joto na madirisha yalikaa wazi. Sikupona siku moja, lakini pua ilianza kufunguka polepole. Asubuhi moja nilinusa maharagwe yakichemka jikoni, nikasimama pale kama mjinga, nikanusa tena.

Likizo ilipofika nilikuta chumba changu kitupu. Magazeti yalikuwa yamebanduliwa, dirisha lilifunguka. Nililala vizuri, kwa baridi kali, nikijiona mtu aliyetolewa jela.

Kulipokucha nikasikia chafya ng'ambo ya ukuta. Ikafuata nyingine, na nyingine. Baba hajawahi kupiga chafya maishani mwake. Mama akatoka chumbani kwao, macho mekundu, akifuta pua kwa leso. Nyuma yake magunia yalikuwa yamepanda hadi karibu na dari, na dirisha lao lilikuwa limepigwa msumari.

"Mama, ni mahindi hayo."

"Ni baridi tu, mwari," akasema. "Vaa sweta."